Fundi anataka kunitolea masega bure, na hela ya soda ananipa juu. Nikubali?

AltezaTanga (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu.

Nina Toyota Altezza RS200, ile ya gia sita za mkono, huu mwaka wa tatu niko nayo. Tangu mwezi uliopita gari imekuwa nzito. Mjini haisumbui, inakwenda sokoni na kurudi kama kawaida. Shida ni ukishaipita Kange kuelekea Pongwe, barabara ikafunguka. Injini ikigusa mizunguko elfu tano kwa dakika inakuwa kama mtu kaikaba koo. Zamani hapo ndipo ilipokuwa inaanza kuimba mpaka elfu saba na kitu. Nimebadilisha plagi, nimesafisha throto, filta ya hewa mpya, filta ya mafuta mpya. Bado.

Nikaenda kwa fundi mmoja Ngamiani, barabara ya ngapi sitaji. Kaingia uvunguni, kagonga mara mbili kwa spana lile kopo la masega la kusafishia moshi kwenye bomba la ekzosi, katoka akijifuta mikono: "Masega yamekufa haya. Tunatoa, tunaweka bomba tupu, gari itaruka." Nikauliza bei. Kazi bure. Bomba bure. Na elfu hamsini ya soda ananipa mimi. Sharti lake moja tu, lile sega linabaki kwake.

Wakuu, nimezaliwa Makorora, nimekulia Makorora, sijawahi kuona fundi akimlipa mteja. Sijakataa, sijakubali. Nimemwambia nakwenda kuswali kwanza.

Wenye ujuzi naomba mnisaidie: nikitoa masega napata nini, napoteza nini? Na kwa nini huyu mtu ana haraka kuliko mimi mwenye gari?

Kijana wa Chuda

Toa bana! Mimi yangu nilitoa 2021, inalia kama ya rali. Nikipita Raskazone jioni watu wote wanageuka. Unapewa raha, unapewa na hela, halafu unakuja kuuliza.

Mgosi wa Pongwe

Wanageuka wamjue mtoto wa nani anayewaamshia watoto wao.

Naweka kiti hapa. Ngoja waje wajuzi.

Mnunuzi Halali

Tunanunua masega ya gari zote, mazima na yaliyovunjika, malipo taslimu, tunakufuata ulipo Tanga, Muheza, Korogwe. Karibu inboksi.

Mgosi wa Pongwe

Nimesema waje wajuzi, kaja fisi.

Fundi Mstaafu

Kijana mwenye Altezza, tulia. Fundi wako hajapima kitu, amegonga. Kugonga kunakwambia jambo moja tu: sega likiwa limevunjika ndani litacheza kama njugu kwenye kopo. Lisipocheza, bado hujajua kama limeziba au ni zima.

Nieleze kidogo ili tuzungumze kitu kimoja. Ndani ya lile kopo kuna gogo la seramiki lenye matundu madogo yaliyonyooka. Mengi ya kiwandani yana matundu 400 hadi 600 kwa kila inchi ya mraba, ndiyo maana mtaani tukayaita masega, maana ukilichungulia unaona mzinga wa nyuki. Kuta za matundu hayo zimepakwa madini matatu, platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu, lakini ndizo zinazomfanya fundi wako akununulie soda. Moshi wa moto ukipita hapo, petroli ambayo haikuungua na kaboni monoksaidi vinamaliziwa kuungua, vinatoka mvuke wa maji na kaboni dayoksaidi. Rodiamu kazi yake kubwa ni kuvunja oksaidi za naitrojeni, ibaki naitrojeni ya kawaida tunayoivuta kila siku. Sega zima likishapata moto linaondoa zaidi ya asilimia 90 ya sumu hizo. Likiwa baridi halifanyi kitu, linaanza kuamka kwenye nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Wale wa safari za dakika mbili mbili, nyumbani hadi sokoni, masega yenu hulala karibu safari nzima.

Sasa shika hili. Sega halifi lenyewe, lina muuaji. Koili au plagi ikikosa kuwasha silinda moja, petroli mbichi inakimbilia kwenye sega na kuungulia kule. Joto linapanda mpaka seramiki inayeyuka, na seramiki ile si kitu cha kuyeyuka kwa mchezo, ni nyuzi elfu moja na mia nne na kitu. Wauaji wengine ni injini inayokula oili, gasketi inayovujisha maji ya rejeta kwenye silinda, na mafuta machafu. Wa rika langu mnaukumbuka uchakachuaji, mafuta ya taa na petroli kwenye pipa moja, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010. Zamani zaidi risasi, yale madini yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli, ndiyo ilikuwa sumu kuu. Kidogo tu kwenye petroli kinafunika madini yote na sega linabaki pambo. Kusini mwa Sahara petroli ya risasi iliisha mwanzoni mwa 2006.

Ukilitoa hilo sega bila kumkamata muuaji, umezika maiti na muuaji bado yumo ndani ya nyumba.

Namna ya kupima: fungua sensa ya oksijeni iliyo mbele ya sega, funga geji ya presha kwenye tundu lake, washa. Kwenye sailensa, yaani injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta, isizidi psi moja na nusu. Shikilia mizunguko 2,500, isizidi tatu. Ikizidi, kuna kizuizi huko nyuma. Halafu legeza boliti za nyuma ya sega, lipate pa kupumulia, upime tena. Presha ikishuka, aliyeziba ni mafla, lile kopo la nyuma la kupunguza kelele. Isiposhuka, ni sega. Nusu saa imeisha, na hakuna aliyepewa soda.

AltezaTanga

Shikamoo mzee. Hii naisoma mara mbili. Geji hiyo naipata wapi?

Fundi Mstaafu

Marahaba. Mafundi wa pampu za mafuta wanazo. Usikubali ya tairi, hiyo haisomi vizuri presha ndogo, na mpira wake utaungua.

Ustadh Plagi

Mzee heshima yako, ila mimi najua injini lazima iwe na presha ya nyuma kidogo. Ukiacha bomba tupu gari inapoteza nguvu ya chini. Kwa hiyo hata likiwa limeziba kiasi, linasaidia.

Fundi Mstaafu

Ustadh, hilo limesemwa sana vijiweni hata likageuka aya. Hakuna injini inayofaidika kwa kusukuma moshi dhidi ya ukuta. Inachotaka ni moshi uende kwa kasi. Kila vali ya kutolea ikifunguka, bonge la moshi linaruka kwenye bomba na nyuma yake linaacha mvuto. Mvuto huo ukiwahi kwa wakati wake unalisaidia bonge la silinda nyingine kutoka. Bomba likiwa pana mno, moshi unapoa na kuzembea, mvuto unapotea, na kule chini kwenye mizunguko elfu mbili gari inakuwa legelege. Mtu akifunga bomba la inchi tatu kwenye injini ya lita mbili isiyo na turbo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, kisha akalaumu kukosa presha, kosa lake ni upana. Sega lililoziba halimsaidii mtu yeyote.

Kijana wa Chuda

Kwa hiyo mzee umekubali. Akitoa, moshi unakwenda haraka. Nguvu hiyo!

Fundi Mstaafu

Ukilinganisha na sega lililoziba, ndiyo, hata bomba la maji lingekuwa afadhali. Ukilinganisha na sega zima, kwenye injini isiyo na turbo kama 3S-GE ya huyu bwana, utapata nguvu za farasi wawili, watatu, ukibahatika wanne. Gari ilitoka kiwandani na 210. Farasi watatu kati ya 210 makalio hayawasikii. Kinachokudanganya ni sikio. Gari ikipiga kelele, dereva anaapa inakimbia.

Turbo Mombo

Kwenye turbo habari ni nyingine, na mimi ndiye shahidi. Nina Forester ya turbo. Nilitoa masega yote mawili, la nyuma ya turbo na la katikati, nikaweka bomba la inchi tatu moja kwa moja. Kompyuta ya injini sikuigusa. Rafiki aliniambia "itajirekebisha yenyewe".

Ukiondoa kizuizi nyuma ya turbo, turbo inaamka mapema. Ule utamu wa kukanyaga kwenye mizunguko elfu mbili na mia tano na gari ikakubeba, sitasema uongo, naukumbuka mpaka leo. Ila kuna kilango kinachopitisha moshi pembeni ili turbo isizunguke kupita kiasi, westigeti. Kiwanda kilikipima kwa kuhesabu kwamba nyuma kuna masega. Ukiyatoa, moshi unaopita kwenye turbo unakuwa mwingi kuliko kilango kinavyoweza kuupunguza. Kimefunguka chote na presha bado inapanda.

Nilizoea kuona presha ya turbo 0.8 kwenye geji. Siku hiyo napandisha Lushoto, kona za karibu na Soni, baridi imeingia, hewa nzito. Geji 0.9. Geji 1. Mimi nafurahi. Geji 1.2. Nikasikia mlio kama mtu anatikisa changarawe ndani ya sufuria. Petroli haikutosha hewa ile yote, silinda zikawa zinalipuka kabla ya wakati. Pistoni moja ikapasuka kingo za ringi. Nilirudi Mombo kwa kuvutwa na Canter ya kabichi.

Injini ya mtumba nilinunua. Mke wangu hajui bei yake mpaka leo, na kama anasoma humu basi si mimi.

Kijana wa Chuda

Pole kaka. Ila Altezza haina turbo.

Turbo Mombo

Ndiyo maana nimesema habari nyingine. Nimeandika kwa ajili ya wale watakaosoma wakiwa na Subaru. Na wenye Impreza WRX zilizouzwa Marekani 2002 hadi 2005 waangalie, zile zina sega dogo kabla ya turbo, kwenye paipu ya kupandia. Likianza kumeguka, vipande vinakwenda moja kwa moja kwenye feni ya turbo. Hilo hata mimi siwezi kumlaumu anayelitoa.

Mama Nadya

Samahani, mimi si mtu wa magari ya kukimbia. Nina Nissan X-Trail, niko Chumbageni. Nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya neno "bure".

Mwaka jana niliipeleka gari gereji moja, siitaji, kubadilisha bushi za mbele. Niliiacha asubuhi nikaichukua jioni. Bushi zilibadilishwa kweli. Lakini kutoka pale getini gari inanguruma, nikadhani ni bomba limelegea. Kesho yake taa ya injini ikawaka. Nikarudi, wakanitolea taa kwa mashine, wakasema "imeisha mama". Baada ya siku tatu ikawaka tena. Mwezi mzima nikawa nalipia kuzimwa taa.

Ndugu yangu mmoja ndiye aliyelala uvunguni na kioo kidogo cha kunyolea ndevu. Kopo la sega lilikuwa limepasuliwa upande wa juu, ule usioonekana ukichungulia kutoka chini, likakombwa ndani, kisha likachomelewa na kupakwa rangi ya fedha. Kopo lipo, masega hayamo. Nilikwenda kuuliza. Kila mmoja akamtaja kijana ambaye ameshaacha kazi.

Mwanangu ana pumu. Kabla ya hapo sikuwahi kuisikia harufu ya gari yangu mwenyewe. Sasa nikirudi nyuma kuegesha uani, yeye anafunga dirisha la chumbani kwake.

Mgosi wa Pongwe

Pole sana dada. Hii ndiyo inayoniuma. Anayetoa lake kwa hiari ni mambo yake. Hawa wanakomba la mtu halafu wanamlipisha na bushi.

Ustadh Plagi

Mnunuzi Halali yuko wapi? Aje atuambie anajuaje sega analonunua ni la mwenyewe.

Mnunuzi Halali

Mkuu sisi tunanunua kwa mafundi wanaoaminika.

Ustadh Plagi

Basi umeshajibu.

AltezaTanga

Mnunuzi Halali, la Altezza bei gani?

Mnunuzi Halali

Inategemea namba zilizogongwa kwenye kopo mkuu. Nitumie picha inboksi.

Fundi Mstaafu

Hapo hajadanganya. Kila kopo la kiwandani lina herufi na namba zake, na wanunuzi wakubwa wana orodha: namba hii ina madini kiasi hiki. Fundi mtaani anakupa bei ya kukisia, mnunuzi anamlipa kwa namba, na anayemlipa mnunuzi anapima unga wake maabara. Kila ngazi inaijua bei kuliko iliyo chini yake, na mwenye gari yuko ngazi ya mwisho. Machi 2021 rodiamu ilifika zaidi ya dola 29,000 kwa aunsi, wakati dhahabu mwezi huo ilikuwa chini ya 2,000. Baadaye rodiamu ilishuka sana, lakini mtaa ulishajifunza.

Jingine, kwa vijana mnaofanya kazi hii. Mnapolipasua sega kwa patasi na grenda mdomo wazi, lile vumbi mnalivuta. Ile pamba nyeupe inayolizunguka gogo ina nyuzi za seramiki, nyembamba kuliko unywele, na pafu halijui kuzitoa. Nimewaona mafundi wanakohoa, wanasingizia sigara.

Chumvi na Kutu

Nafanya kazi zinazohusiana na magari yanayoshuka bandarini, niongeze upande wa sheria. Japani gari binafsi inakaguliwa miaka mitatu baada ya kusajiliwa mpya, kisha kila baada ya miwili, na bila masega haipiti. Ndiyo maana nyingi zinafika hapa nayo mazima. Yakitoka, yanatokea huku kwetu.

Kwetu ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007 zimetoka ndani yake. TBS, shirika la viwango, nao wana ukaguzi wa magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Barabarani mimi sijasimamishwa hata mara moja na trafiki mwenye mashine ya kupima moshi. Lakini sikio analo. Kijana wa Chuda atakuwa analijua hilo.

Kijana wa Chuda

Mara mbili. Moja pale Kange. Tusiendelee.

Mgosi wa Pongwe

😂😂😂

Ila tuwe wakweli, sega zima nalo lina ubaya wake. Lina moto kama jiko. Msiegeshe juu ya nyasi kavu kwenye mashamba ya mkonge mkienda kuchimba dawa. Nimeshaona nyasi zikifuka moshi chini ya gari, mwenye gari yuko kichakani suruali magotini.

AltezaTanga

Wakuu, nimerudi. Ni Jumapili jioni, mikono bado ina grisi.

Geji niliazima kwa fundi wa pampu, Duga. Sensa ilikataa kufunguka, tukaipashia moto injini kwanza, ikakubali. Majibu ni haya: sailensa psi mbili, mizunguko 2,500 psi sita. Tukalegeza boliti za nyuma ya sega, gari ikapiga kelele mtaa mzima ukatoka, geji bado sita. Kwa hiyo mafla haina kosa.

Tukalishusha. Sikuruhusu mtu alipasue, nilimulika kwa tochi ya simu. Upande wa kuingilia moshi hakuna matundu tena, uso wote umeyeyuka kama sukari guru iliyoachwa juani. Pamebaki upenyo pembeni, kama wa vidole viwili. Nashangaa gari ilikuwa inatembeaje.

Halafu nikamtafuta muuaji kama mzee alivyosema. Koili ya silinda ya tatu ina ufa kwenye shingo, giza likiingia unaona cheche inarukia pembeni badala ya kushuka kwenye plagi. Mimi nilikuwa nimebadilisha plagi, koili sikuzigusa. Sasa nakumbuka gari ilikuwa inatetemeka kidogo ikiwa sailensa, nikalaumu maunti, zile raba zinazoshikilia injini.

Niwaambie na la fundi wa Ngamiani. Nilipita kwake kumwambia nimelitoa mwenyewe. Hakuonyesha hasira hata kidogo. "Elfu themanini." Nikamwambia naondoka. "Laki." Nafungua mlango wa gari. "Laki na nusu, na oili nakubadilishia." Maisha yangu yote nimekuwa nikimbembeleza fundi ashushe. Sikujua kwamba hata kupandisha anajua.

Swali sasa: niweke bomba tupu, nitafute la mtumba, au kuna njia nyingine?

Fundi Mstaafu

Umefanya kazi ya mtu mzima. La mtumba kwetu ni bahati nasibu, hujui injini iliyolibeba ilikula oili kiasi gani, na wengine wanauza kopo lililokombwa. Kama unataka gari ya kuchezea na hutaki kuudhi watu, yapo masega ya chuma. Gogo lake si seramiki, ni karatasi ya chuma iliyokunjwa, matundu 200 kwa inchi badala ya 400 au 600. Moshi unapita kirahisi na halivunjiki haraka. Ubaya wake, matundu yakipungua na eneo la madini linapungua, kwa hiyo haliusafishi moshi kama la kiwandani. Na yapo ya bei rahisi yaliyopakwa madini kidogo mno, yanasafisha miezi michache tu kisha yanabaki chuma.

Wakati unasubiri, bomba tupu si dhambi ya milele. Ila wachomelee vizuri hasa mbele ya sensa. Tundu dogo pale linavuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni nyingi, kompyuta inadhani petroli haitoshi na kuongeza. Watu wanatoa masega, gari inaanza kula mafuta, wanasema ni kwa sababu ya masega. Kumbe ni welding.

Ustadh Plagi

Na taa ya injini?

Fundi Mstaafu

Inategemea gari. Zenye sensa mbili, moja mbele na moja nyuma ya sega, kompyuta inalinganisha. Sega likifa au likitoka, sensa ya nyuma inaanza kuyumba kama ya mbele na taa inawaka, msimbo P0420. Ndiyo ya Mama Nadya, na ndiyo maana kuizima kwa mashine hakukusaidia. Gari nyingi za soko la ndani la Japani za miaka ya Altezza zina sensa moja tu ya mbele, hata likitolewa hakuna wa kumwambia dereva.

Mama Nadya, ukienda kuweka jipya, simama pale pale mpaka lifungwe. Lipige picha namba zake kabla halijapanda, na mwambie fundi achomelee chuma cha kulizuia pande zote mbili. Mwizi mwenye grenda hazuiliki, lakini anayeogopa kuchelewa anakwenda kwa jirani.

Mama Nadya

Asante baba. Nitabeba na kiti cha kukalia.

AltezaTanga

Mrejesho wa mwisho, wiki tatu baadaye.

Niliagiza sega la chuma la matundu 200 kutoka Dar, laki nne na ishirini, likapanda basi likafika Kange asubuhi. Kabla halijafika nilitembea siku kumi na mbili na bomba tupu na koili mpya, kwa hiyo nimeonja vyote.

Bomba tupu: siku ya kwanza nilicheka mwenyewe ndani ya gari. Siku ya nne nikaanza kupita njia za nyuma. Kuna mlio mmoja kwenye mizunguko elfu tatu unaokaa ndani ya fuvu, ukienda Muheza na kurudi unauleta mpaka kitandani. Harufu ndiyo sikuitegemea. Mpira wa buti yangu umechoka, ukishusha kioo cha mbele moshi unaingia kwa nyuma. Nilikuwa nikifika nyumbani kichwa kinagonga. Mzee akanipigia kelele inboksi kwamba harufu ni afadhali, kwa kuwa kaboni monoksaidi yenyewe haina harufu, na nisimpandishe mtoto nyuma. Mpira nimebadilisha.

Sega la chuma: elfu tano inapita kama hakuna kitu, inaimba mpaka elfu saba na mia sita. Nilikwenda kuijaribu kwa Turbo Mombo, kwenye kona zile zile za Soni zilizomtoa machozi. Wiki moja kabla nilikuwa nimepandisha hapo hapo na bomba tupu. Kwa miguu na makalio yangu, sikuona tofauti. Tofauti ni kwamba safari hii tulizungumza njiani.

Turbo Mombo

Nathibitisha. Na yeye ndiye aliyelipa chai.

Kijana wa Chuda

Hilo la chuma linalia lakini?

AltezaTanga

Linalia kwa adabu. Pita siku moja Makorora usikie.

Kijana wa Chuda

Nitapita. Yule trafiki wa Kange bado yupo?

Mnunuzi Halali

Mkuu, na lile la zamani uliliuza? Angalia inboksi, nimeongeza.

AltezaTanga

Halijauzwa. Nimelifunga kwenye kiroba, liko uvunguni mwa kitanda. Mama watoto aliuliza ni nini nikamwambia ni laki na nusu, tangu siku hiyo anafagia chumba mwenyewe.